Majina ya Wafu wa Siku Sita



Mwaka 2000 Kanisa zima lilikuwa katika Yubilei Kuu. Pentekoste iliangukia tarehe 11 Juni, nasi wa Kisangani tulikuwa katikati ya novena ya Roho Mtakatifu. Jumatatu tarehe 5 novena ile ilikatizwa na mizinga. Jeshi la Rwanda, lililoushika mji, na jeshi la Uganda, lililokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Tshopo, yalipigana juu ya vichwa vyetu hadi Jumamosi tarehe 10, mkesha wa Pentekoste. Tangu hapo twaviita Vita vya Siku Sita.

Vijana tunaowafundisha katekisimu leo walizaliwa baada ya siku zile. Wakiulizwa, wengi hudhani kwamba ni vita vya Wakongomani wao kwa wao. Yafaa basi kueleza. Majeshi yale mawili yaliingia nchini kama marafiki mwezi Agosti 1998, yakiwategemeza waasi wa RCD, na kabla ya mwezi ule kwisha Kisangani ilikuwa imetekwa. Mwaka uliofuata RCD iligawanyika, kila jeshi likachukua upande wake, na almasi ya nchi yetu haikukosa kutia kuni katika moto huo. Walipigana humu mjini Agosti 1999, wakarudia Mei 2000, na Juni wakamaliza hasira zao zote. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka juu ya mji ambao watu wake hawakuwa wamemgombeza yeyote kati yao. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, majeruhi zaidi ya 1,000, na nyumba za watu zaidi ya 400 zilizobomolewa. Kanisa Kuu letu la Bibi Yetu wa Rozari nalo lilipigwa, pamoja na shule na hospitali.

Tazameni tena hesabu ile: kati ya 244 na 760. Tofauti yake ni watu 516. Mfanyabiashara akikosea hesabu yake kiasi hicho, hufungua upya madaftari yake yote na hapati usingizi. Sisi tumelala na hesabu hii zaidi ya miaka ishirini. Sababu yake wazee wanaijua. Maiti hazikuweza kupelekwa makaburini, kwa kuwa njia zilikuwa za risasi. Zilizikwa uani, chini ya miembe, kando ya jiko, kwa sala fupi na pengine bila sala. Baadaye nyumba ziliuzwa, wapangaji wakabadilika, nyasi zikaota.

Kwa hiyo tukisema juu ya ukumbusho wa vita hii, tusianze na saruji. Afrika yetu ina minara ya vita iliyo mizuri sana. Pale Dar es Salaam, Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya 1914-1918, na Nairobi ipo nyingine. Wakongomani nao walikuwamo vitani, kwani Jeshi la Umma la wakoloni liliingia Tabora Septemba 1916, na nyuma yake walikuwa wapagazi wengi mno. Lakini ukisoma maandishi ya Sanamu ya Askari, hukuti jina la babu wa mtu yeyote. Shukrani imetolewa kwa wote kwa jumla, na mjane hawezi kuweka kidole chake mahali pamoja akasema, huyu ndiye.

Tena mnara peke yake haumlindi mtu. Mji wetu ulijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1964, Simba walipoishika Stanleyville, ulikuwapo mnara wa Patrice Lumumba, mtu aliyeuawa kikatili Januari 1961. Mbele ya mnara ule ule watu wengi walichinjwa hadharani. Kumbukumbu ya mtu aliyedhulumiwa ikageuzwa kuwa mahali pa kudhulumia wengine. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliousimamisha. Twasema kwamba jiwe hufuata nia ya wanaokusanyika mbele yake.

Maandiko yanatuonyesha njia mbili za kukumbuka. Yoshua alitwaa mawe kumi na mawili katikati ya Yordani ili watoto wa baadaye waulize maana yake. Yuda Makabayo, vita ilipokwisha, alichanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya waliokufa. Huyu wa pili twamsahau mara nyingi, ingawa sisi Wakatoliki twamtaja kila tunapotetea sala kwa marehemu. Yoshua aliwafikiria walio hai. Yuda aliwafikiria wafu wenyewe, kwamba wana haja bado, na kwamba sisi twadaiwa.

Neno la deni limekuwa zito zaidi siku hizi. Tarehe 16 Juni 2000, Baraza la Usalama katika azimio lake la 1304 lilisema kwamba Uganda na Rwanda zapaswa kufidia uharibifu wa Kisangani. Shauri dhidi ya Rwanda halikusikilizwa, kwa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2006 kwamba haina mamlaka juu yake. Uganda ilihukumiwa tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325, ambazo milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Hayo yanahusu Ituri na mahali pengine pia, si Kisangani peke yake.

Fidia ni haki, na hatuungani na wale wanaowaambia maskini kwamba Mkristo hadai. Lakini orodha inayoandikwa kwa ajili ya fedha si sawa na orodha inayoandikwa kwa ajili ya sala. Ya kwanza huuliza cheti, shahidi, na mrithi. Mtoto aliyekufa pamoja na jamaa yake yote hana wa kupanga mstari kwa niaba yake, basi hukosa kuandikwa. Orodha ya pili ndiyo pekee iwezayo kumpokea.

Tunaomba basi kila jumuiya ya msingi, kuanzia Makiso na Tshopo zilizopigwa zaidi, ifungue daftari moja. Liandikwe jina, umri kama unajulikana, uwanja alimozikwa. Palipo na shaka paandikwe shaka, wala tusiongeze mtu ili hesabu iwe kubwa. Asiyejulikana jina aandikwe kwa alama yake: mama aliyeuza mihogo penye kona fulani, mgeni aliyekimbilia kwetu siku ya pili. Wazee waulizwe kwanza, maana kila mwaka tunawazika na wanayoyajua.

Madaftari yaletwe parokiani kabla ya mkesha wa Pentekoste. Yatawekwa chini ya altare, na majina yatasomwa yote, hata kama Misa itachukua usiku kucha.