Vitabu vya Uzazi, Vifo na Mirathi katika Habari za Koo za Iguguno

Habari za ukoo ni sehemu ya historia ambayo aghalabu hudharauliwa na wanachuoni, walakini watu wa kawaida huithamini kuliko habari za wafalme na vita. Atafutaye asili yake hutaka mambo machache tu: jina, mahali, mwaka, na uhusiano wa mtu na mtu. Mambo hayo machache ndiyo yaliyo magumu kupatikana.

Huko Uingereza kazi hiyo imerahisishwa. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na tangu mwaka 1858 orodha ya mirathi zilizothibitishwa imechapishwa kila mwaka. Leo orodha hizo zimo katika mtandao wa intaneti, na mtu aweza kumpata babu wa babu yake bila kuondoka kitini. Mwanafunzi wa Tanzania aonapo hayo hudhani kwamba njia hiyohiyo itamfikisha Iguguno. Haimfikishi, na sababu zake zastahili kuelezwa.

Iguguno imo katika wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka wilaya ya Iramba mwaka 2012. Hapo ni nchi ya Wanyiramba, na jirani zao ni Wanyisanzu na Wanyaturu. Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi sheria hiyo haikumlazimisha Mwafrika wa kijijini. Mtu alizaliwa, akaoa, akafa, na kalamu ya serikali isimguse ila katika kodi. Hata baada ya uhuru mwendo ulikuwa wa polepole: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 26 tu katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wameandikishwa. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa mwaka 2006, una mtandao wake. Lakini umewekwa ili mwenye haki aombe cheti au akihakikishe, si ili msomaji apekue majina ya wafu.

Kabla ya daftari la serikali kulikuwa na kitabu cha kanisa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, na baada yao Waamerika wa Augustana, waliweka vituo katika nchi ya Iramba. Kitabu cha ubatizo huandika mtoto na wazazi wake, na kwa sababu hiyo ni hazina. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba huwaandika waliobatizwa tu, na jina la ubatizo laweza kulificha jina ambalo mtu aliitwa na nyanya yake.

Kuna kizuizi kingine kikubwa zaidi. Wanyiramba na Wanyisanzu tangu kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno zito katika mali na katika malezi. Karatasi za serikali zilikuja na desturi nyingine: jina la mtoto, kisha la baba, kisha la babu. Mtu anayetafuta kwa majina hayo matatu hupanda mti mmoja wa baba, na ule wa mama, ambao wazee waliuona kuwa ndio mzizi, humponyoka. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 nazo zilishika urithi wa upande wa baba. Hivyo karatasi haikuandika desturi tu, ilisaidia kuigeuza.

Katika hali hiyo, maandishi yenye faida kuliko yote ni jalada la mirathi la Mahakama ya Mwanzo. Mtu akifa, ukoo hukaa kikao, hupendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao hupelekwa kwa hakimu. Sheria haikuufanya muhtasari huo kuwa sharti, ila mahakama zimeuzoea. Kwa kanuni za mwaka 1971 msimamizi hupewa miezi minne kuleta orodha ya mali na madeni, pamoja na hesabu ya mgawanyo. Ndani ya jalada moja hupatikana wajane, watoto, ndugu, mashamba, ng'ombe, na saini au dole gumba la kila aliyehudhuria. Hakuna cheti kinachosema mengi kiasi hicho.

Majalada hayo hukaa mahakamani. Yanayoonekana mtandaoni, katika tovuti ya TanzLII, ni hukumu za mahakama za juu. Shauri la kijijini hufika huko pale tu rufaa inapokatwa na kukatwa tena. Basi linatokea jambo la ajabu: ukoo uliogawana kwa amani haumo, na ukoo uliogombana umeandikwa mpaka jina la mke mdogo. Mwanahistoria atakayesoma hukumu hizo peke yake atadhani kuwa kila kaburi lilizaa ugomvi. Tena, kila shahidi aliyesimama kizimbani alikuwa na shamba la kupata au kupoteza. Mtoto aliyekanwa mbele ya hakimu huenda alipakatwa na marehemu maisha yake yote.

Kwa hiyo haifai kuanza na mashine. Mtafiti wa Iguguno na aanze kwa wazee, hasa wanawake, awaulize ukoo wa mama kabla ya majina matatu. Miaka na aipime kwa mambo yajulikanayo: vita vya mwaka 1914, njaa iliyovifuata, na Operesheni ya Vijiji ya mwaka 1974, iliyowahamisha watu na kuyaacha makaburi nyuma yao. Kisha aende kanisani, kisha mahakamani, na mwisho mtandaoni, akilinganisha neno na neno. Vilevile na akumbuke kuwa jalada la mirathi ni siri ya wenye msiba kabla ya kuwa mali ya elimu. Jina la aliye hai lisitangazwe bila ridhaa yake.

Wazee hawadumu kama karatasi. Jalada laweza kungoja miaka 20 kabatini. Bibi anayejua ukoo wa mama hawezi kungoja hivyo.