Karagwe, Mpaka na Mtandao Unaokatika

Msafiri akifungua kompyuta mpakato katika nyumba ya wageni Kayanga, Nkwenda au Rugera, akaona alama ya waifai imejaa ilhali kurasa hazifunguki, lawama ya kwanza huenda kwa mashine. Ataizima na kuiwasha, atafuta nywila na kuiandika upya. Historia ya Karagwe na Kyerwa, wilaya za mpakani mkoani Kagera, inaelekeza kwingine. Mawasiliano ya nchi hii tangu zamani ni ya kupokezana, na aghalabu hukwama kwa mpokezi wa katikati, si kwa anayetuma.

Wapelelezi John Hanning Speke na James Grant walifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861. Januari iliyofuata Speke akaendelea kwenda Buganda, Grant akabaki Karagwe akiuguza mguu hadi Aprili. Karatasi na wino walikuwa navyo wote wawili; habari zao ziliendeshwa na ridhaa ya Rumanyika upande huu na Kabaka Mutesa upande ule. Biashara nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta mfanyabiashara Hamed Ibrahim akiishi Kafuro, hapo Karagwe, kituo kilichotegemea misafara ya Tabora. Nguo za biashara zisipofika Kafuro, jibu lilikuwa kusini, njiani.

Baadaye ukaja mpaka wa kikoloni, Mto Kagera ukawa alama yake kwa sehemu kubwa, ila mawimbi ya redio hayaulizwi pasipoti. Kampuni ya simu ya Celtel ililitambua hilo mwaka 2006 ilipowaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kupiga simu katika nchi hizo bila gharama za ziada za kuwa nje ya nchi. Lakini utaratibu wa serikali wa namna hiyo ulioanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda haukuijumuisha Tanzania. Sasa chukua simu inayoigawia kompyuta bando pale Murongo, ng'ambo ya Kikagati ya Uganda. Laini ya Tanzania hutambulishwa kwa namba 640, minara ya Uganda kwa 641, ya Rwanda kwa 635. Mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu zaidi, simu huweza kuuhamia, na kama data ya nje ya nchi imezimwa, intaneti hufa hapo hapo. Kompyuta haioni lolote kati ya hayo, kwa kuwa vijiti vyake vya waifai hupima hatua moja tu, ile ya kufika kwenye simu. Dawa iko kwenye simu: acha kuiachia ichague yenyewe, itafutie mtandao wa nyumbani kwa mkono.

Fundi atapinga kwamba makosa mengi ni ya mashine: hali ya ndege imewashwa, saa imepotoka hadi tovuti salama zinakataa, au kompyuta imepangwa kwa kanuni za Marekani isione chaneli ya 12 na 13. Ni kweli, na ndiyo maana pa kuanzia ni kutenganisha. Fungua ukurasa kwenye simu yenyewe, kwa data yake. Ukifunguka, fundi ameshinda. Usipofunguka, mwache alale.

Pingamizi zito zaidi ni la mkongo wa taifa wa mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao umefika hata Mutukula: je, haujaifuta historia hii? Umeifupisha. Kutoka mkongo hadi kitandani kwa mgeni bado kuna mnara, na mnara unataka umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulitoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka, kwa hiyo hata nguvu za kuwasha mtambo zilikuwa na mpokezi wake. Umeme ukikatika, ruta yenye sola huendelea kuwasha taa zake huku mnara wa kilimani umezimika, na kompyuta itaandika kwamba imeunganishwa. Laini ya kampuni nyingine huweza kuokoa jioni, ila kampuni siku hizi hupanga minara ya pamoja, kwa hiyo heri kuuliza kwanza kama zote mbili hazining'inii kwenye chuma kimoja.