Umeme Tuli Upo Hata Pwani: Jihadhari Unapounganisha Kompyuta

Kijana wa Mombasa anayetaka kujiunganishia kompyuta yake mwenyewe ukimtajia umeme tuli, jibu huwa tayari mdomoni: "Huku kwetu hakuna hayo, hewa ina maji." Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowatia watu hasara. Madabodi na prosesa si vitu vya kununuliwa kila mwezi. Wengi wanaoniuliza habari hii wamedunduliza pesa, wakanunua kipande leo na kipande mwezi ujao, na baadhi ya vipande hivyo ni vya mtumba visivyo na waranti. Kikifa mkononi mwake hana wa kumrudishia. Kwa hivyo nimeona bora jambo hili niliandike lote mahali pamoja.

Umeme tuli ni chaji inayokaa juu ya kitu bila kwenda popote. Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, kimoja humnyang'anya mwenziwe elektroni, na kadiri vinavyosuguana ndivyo chaji inavyozidi. Plastiki, nailoni, sufu na nywele ni mabingwa wa mchezo huu. Wazee wetu waliujua kabla ya nguzo za stima kusimamishwa mji huu. Mwenye tasbihi ya kaharabu huisugua punje kwenye nguo, kisha akaisogeza karibu na kijikaratasi. Karatasi ikirukia, husema kaharabu ni ya kweli. (Plastiki nayo hufanya hivyo hivyo, basi usinunue tasbihi ya bei kwa jaribio hilo peke yake.) Neno lenyewe, kaharabu, asili yake ni Kiajemi na maana yake ni kinyakuzi cha majani makavu. Waarabu wakalichukua, na hadi leo umeme kwao ni kahrabaa. Wagiriki waliiita kaharabu elektron, na hapo ndipo Wazungu walipopata jina lao la umeme. Yaani lugha nyingi zimeupa umeme jina kutokana na kaharabu iliyosuguliwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye siri. Mwili wa binadamu hauhisi cheche ya umeme tuli mpaka ifike volti 3,000 hivi. Chini ya hapo chaji hutoka kwenye kidole chako na wewe huna habari. Lakini ndani ya chipu kuna transista nyingi mno, na kila moja ina utando wa kuhami wenye unene wa nanomita chache tu, mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Kuna chipu zinazoweza kujeruhiwa na volti zisizofika 250, na nyingine hata chini ya 100. Angalia tofauti hiyo vizuri. Baina ya volti 100 na volti 3,000 pana nafasi kubwa ambayo chipu inaumia na mwenye mkono hana alilohisi.

Ndiyo maana ile kauli ya hewa yenye maji haitoshi. Katika takwimu ambazo wahandisi wamezitumia miaka mingi, mtu akitembea juu ya zulia katika hewa kavu sana anaweza kujikusanyia volti 35,000. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 90, kama yetu siku nyingi za mwaka, mtu yule yule juu ya zulia lile lile hukusanya 1,500. Ameteremka sana, hilo kweli. Lakini 1,500 iko chini ya kiwango cha kuhisi na juu ya kiwango cha kuua chipu. Unyevu haukuiondoa chaji, umeifanya tusiihisi tu. Ndugu zetu walioko Riyadh, ambako hewa ni kavu, hupigwa na kitasa cha mlango mpaka wakazoea kukigusa kwa ufunguo kwanza. Wao wameonywa. Sisi hatupati onyo.

Tena si kila chumba cha Pwani kina hewa ya Pwani. Kiyoyozi hufanya kazi kwa kuikamua hewa maji yake. Yale matone yanayodondokea wapita njia chini ya maghorofa ya mjini ndiyo unyevu uliotolewa chumbani. Chumba kilichofungwa na kiyoyozi kikavuma kutwa, chini kuna zulia la nailoni na juu yake kiti cha magurudumu, si cha kukitegemea kwa habari ya unyevu.

Nisije nikatia watu hofu kupita kiasi. Nimewaona mafundi waliounganisha kompyuta miaka na miaka bila kinga yoyote na kazi zao zinasimama. Chipu za siku hizi zimewekewa kinga kidogo kwenye miguu yake, na kipande kikishafungwa mahali pake hatari hupungua sana. Kwa maoni yangu, hapa kwetu stima inayopanda na kushuka, chumvi ya bahari inayokula shaba, na mikono inayolazimisha prosesa iingie upande usio wake vimeua vipande vingi kuliko umeme tuli. Tofauti ni kwamba kinga ya umeme tuli ni rahisi mno, takriban bure, na mtu akiacha kitu cha bure kikamletea hasara ya maelfu itamuuma zaidi.

Kazi ianze kwa kuchagua mahali. Tafuta meza ya mbao isiyo na kitambaa cha nailoni wala karatasi ya plastiki, juu ya sakafu ya saruji. Ondoa busati la plastiki. Vaa pamba: kikoi na fulana vinatosha kabisa, na miguu mitupu juu ya saruji ni bora kuliko ndara za mpira, kwani saruji huinywa chaji pole pole. Hapa mtu wa Pwani amemshinda Mzungu mwenye soksi za sufu juu ya zulia wakati wa baridi. Lakini miguu mitupu ina sharti moja, na sharti hilo ni la roho yako, si la kompyuta: waya wa stima uwe umechomolewa ukutani. Miguu mitupu, saruji na stima ya volti 240 ni njia ya kaburini.

Kina dada wanaofanya kazi hii, na wameanza kuwa wengi, huniuliza kuhusu baibui la poliesta. Hakuna haja ya kulivua. Kunja mikono yake au uifunge kwa mpira isiburuzike juu ya vipande, maana chaji iliyo juu ya nguo haitoki hata ukijifunga mkanda wa mkononi. Mkanda hukausha chaji ya ngozi, si ya kitambaa.

Mkanda wenyewe ni kama bangili ya kitambaa au mpira, ndani ina chuma kinachogusa ngozi, na waya wake unaishia kwa kibanio. Bei yake ni shilingi mia chache. Ndani ya waya kuna rezista ya ohm milioni moja, na wengi hawajui kazi yake. Iko pale kwa ajili yako: ikitokea ukagusa kitu chenye stima, rezista hiyo huuzuia mkondo wa kuua usipite mwilini. Kwa hivyo usijitengenezee mkanda kwa kufunga waya wa shaba mtupu mkononi, ingawa utamwona mtu akifanya hivyo. Kibanio kishike chuma kisicho na rangi kwenye kasha la kompyuta, kwa mfano kwenye tundu la skrubu au kasha la pawa saplai. Rangi ni kihami, ukibana juu yake hujafanya kitu. Kuna na mikanda isiyo na waya inayouzwa mitandaoni. Hiyo ni pambo. Chaji inahitaji njia ya kupita, na pasipo waya njia haipo.

Huna mkanda? Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika kipande chochote, na kila ukiinuka kufuata bisibisi au kufungua mlango, ukirudi gusa tena. Ukiweza, egemeza mkono mmoja kwenye kasha muda wote. Lengo si kuimaliza chaji duniani, ila ni wewe, kasha na kipande muwe katika kiwango kimoja, kwani cheche huruka pale tu penye tofauti. Ndiyo sababu mtu akikupitishia madabodi, mpe mkono kwanza ndipo upokee. Salamu ikitangulia, chaji zenu hulingana kupitia viganja na si kupitia chipu.

Suala la waya wa ardhi lataka maelezo, maana video za Uingereza zimewachanganya vijana. Huko huambiwa waache plagi ukutani na kuzima swichi tu, ili kasha libaki limeunganishwa na ardhi. Plagi zetu ni za mtindo huo huo wa Uingereza, na ule mguu mrefu wa juu ndio wa ardhi. Lakini katika nyumba zetu za zamani, na hata mpya za kupangisha, tundu la ardhi mara nyingi liko kwa sura tu, nyuma yake hakuna waya. Ekstensheni nyingi nazo zina matundu matatu na nyaya mbili. Mbaya zaidi, swichi nyingi za soketi hukata waya mmoja pekee, na fundi akiwa amezipishanisha nyaya, utazima swichi na moto ubaki ndani. Kwa hivyo mimi nasema chomoa. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja mbili ili chaji iliyobaki kwenye pawa saplai itoke. Kujifunga na kasha kunatosha bila ardhi. Na usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita zake huhifadhi umeme wa kumwangusha mtu hata baada ya kuchomolewa.

Hapo hapo niondoe utata mwingine. Wengine husema kasha la kompyuta "linatekenya" ukilishika, wakadhani ni umeme tuli. Sio. Umeme tuli hupiga mara moja ukaisha. Kinachotekenya bila kukoma ni stima inayovuja kidogo kupitia kichujio cha pawa saplai, na kasha lisilo na waya wa ardhi huweza kukaa na karibu nusu ya volti za ukutani. Dawa yake ni fundi wa nyumba kuweka waya wa ardhi. Kabla ya hapo, zima vyote viwili na uchomoe ndipo uunganishe skrini, kwa sababu mvujo huo huweza kuunguza matundu ya nyaya.

Kwenye ununuzi ndiko ninakoona uzembe mkubwa. Kijiti cha memori hutolewa kwenye droo kitupu, kikasuguliwa kwenye shati, kikafungwa kwa plastiki ya kufunikia chakula, mnunuzi akakitia mfukoni na kupanda matatu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 tumehamia mifuko inayofanana na kitambaa, lakini mingi yake ni poliproplini, plastiki ile ile kwa sura nyingine. Dai mfuko wa rangi ya fedha. Ule una utando wa chuma unaokinga kilicho ndani. Mfuko wa waridi hauzalishi chaji wenyewe, ila haukingi kitu kitokacho nje. Ukikosa vyote, boksi tupu la karatasi ngumu ni bora kuliko plastiki na sponji. Wala usiiwashe madabodi ikiwa juu ya ule mfuko wa fedha, kwani upande wa nje hupitisha umeme kidogo. Iweke juu ya boksi lake. Ishike kwa kingo, memori vile vile, na usiguse meno ya dhahabu. Huku kwetu jasho na chumvi yake huyaharibu hata pasipo cheche.

Jambo la mwisho ni ubishi wa dukani. Umeme tuli mara nyingi hauui papo hapo, hujeruhi. Kompyuta huwaka vizuri, kisha baada ya wiki au miezi ikaanza kujizima, kuganda, au kuharibu faili bila sababu. Mtu hubadilisha programu mara tatu kumbe tatizo ni chipu. Mwaka jana kijana wa jirani yetu alirudisha madabodi ndani ya muda wa waranti, muuzaji akaiangalia kwa macho na kusema, "Hii umeiua mwenyewe kwa umeme tuli." Maneno hayo hayana msingi. Jeraha la umeme tuli liko ndani ya chipu na halionekani bila kuifungua maabara na kuitazama kwa hadubini yenye nguvu. Muuzaji hawezi kulijua kaunta, na mnunuzi naye hawezi kulikanusha. Kijana aliambiwa aulize imeandikwa wapi kwenye karatasi ya waranti, haikuwa imeandikwa, akabadilishiwa. Kwa hiyo soma karatasi hiyo kabla ya kulipa, na piga picha kipande kikiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa.

Ukimaliza kuunganisha, kabla hujatia faili zako, iachie programu ya kupima memori kama MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, toa vijiti vyote na upime kimoja kimoja, kila kimoja katika tundu lile lile. Chenye kosa kirudishe dukani kesho yake asubuhi, ndani ya mfuko wake wa fedha.