Bunduki Ilivyoipisha Darubini

Anayekwenda kununua darubini ndogo ya kutazamia ndege huonyeshwa namba zilizochapwa juu yake: 8x20, 8x25, au 10x25. Muuzaji husifu ile namba ya kwanza, ambayo ni ukuzaji, na mnunuzi hudhani kwamba ikizidi ndiyo bora. Mimi naona kwamba kabla ya kuchagua yafaa mtu ajue darubini hii imetoka wapi. Historia yake ni historia ya binadamu kujifunza kumjua ndege pasipo kumwua.

Kwa muda mrefu chombo cha mtaalamu wa ndege kilikuwa bunduki. Ndege alijulikana akiwa mkononi: bawa likapimwa kwa rula, mdomo ukachunguzwa, ngozi ikakaushwa na kufungiwa sandukuni. Ndege wengi wa misitu yetu ya Usambara na Uluguru walipata majina ya kisayansi kwa njia hiyo. Mmoja wao ni kindege mwenye mdomo mrefu wa Amani, ambaye mwaka 1931 alipewa jina kwa heshima ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha huko.

Tusiwahukumu watu hao kwa ukatili tu, maana jicho lilikuwa halijapata msaada wa kutosha. Ni kweli kwamba mwaka 1608 Hans Lippershey, fundi miwani wa Uholanzi, aliomba hataza ya darubini, na wakubwa wa nchi wakamtaka atengeneze ya macho mawili. Lakini darubini za namna hiyo, ukizidisha ukuzaji, huonyesha sehemu finyu mno, kama mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo. Namna nyingine ilipanua mandhari, ila iliyapindua mambo: miti ikasimama kichwa chini. Dawa ilipatikana mwaka 1854, Ignazio Porro wa Italia alipopata hataza ya kuinyoosha taswira kwa miche ya kioo. Hata hivyo, ilipita miaka 40 kabla ya kiwanda cha Zeiss cha Jena, kwa kazi ya Ernst Abbe, kuanza kuuza darubini bora za miche mwaka 1894.

Tazama yaliyofuata. Mwaka 1901 Edmund Selous wa Uingereza, ambaye zamani alikuwa akiua ndege, alitoa kitabu akiwasihi wenzake waweke bunduki chini na kushika darubini. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson wa Marekani alichapisha kitabu cha kumtambua ndege kwa alama zinazoonekana kutoka mbali. Nasi Afrika Mashariki na ya Kati tulipata cha kwetu mwaka 1963, kazi ya John G. Williams. Lenzi na kitabu, kwa pamoja, vikafanya kazi iliyokuwa ya risasi.

Ikabaki shida ya uzito. Miche ya Porro huipinda njia ya nuru, hivyo chombo huwa kipana. Miche iliyochongwa mfano wa paa la nyumba, ambayo kiwanda cha Hensoldt kiliiuza katika darubini, iliwezesha mirija kuwa myembamba na iliyonyooka. Huko ndiko zilikotoka nyingi za darubini tuzikunjazo na kuzitia mfukoni leo.

Sasa turudi kwenye namba zetu. Gawanya ya pili, ambayo ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, kwa ile ya kwanza. Jibu ni upana wa nuru iingiayo jichoni. 8x20 hutoa milimita 2.5, na 10x25 vivyo hivyo. 8x25 hutoa 3 na ushei. 8x42, ile kubwa, hutoa 5.25. Mchana mboni hujifinya hata milimita 2 au 3, kwa hiyo ndogo inatosha. Alfajiri mboni ya kijana huweza kufunguka kufikia 7, naye ataikosa ile kubwa. Yetu sisi tuliopita miaka 70 mara nyingi haifiki hata 5. Uzee, ambao hutunyima mengi, hapa umetupunguzia hasara. Tena ukuzaji wa mara 10 hukuza na mtetemo wa mkono. Kwa hiyo nachagua 8x25, na avaaye miwani ahakikishe anaona duara zima bila kuivua.

Bunduki na mtego havijastaafu kabisa. Kwale wa Udzungwa aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1991 baada ya miguu yake kuonekana ndani ya sufuria ya kambini, na kumpa ndege jina jipya kwa kawaida bado hudai mwili wake. Lakini wengi wetu hatutoi majina. Tunataka kumjua chozi aliye juu ya ua, kisha aruke aende zake. Kwa kazi hiyo, darubini ya gramu 250 iliyo shingoni hushinda ya gramu 700 iliyoachwa kabatini kwa sababu inaumiza shingo.