Delhi na vita vya moshi

Wadau, juzi nilikaa dirishani kwenye daladala, nikafika kazini kola nyeusi tii. Mbele yetu lilikuwapo fuso linatoa moshi kama tanuri la mkaa. Nilipolalamika, konda akacheka: "Braza, mjini hapa, vumilia." Basi nikaukumbuka mji mmoja ambao raia wake waligoma kuvumilia: Delhi.

Mwaka 1985 wakili M.C. Mehta alifungua kesi kuhusu hewa chafu ya mji huo katika Mahakama ya Juu ya India. Kesi ikajikokota miaka na miaka, huku magari yakiongezeka na moshi ukizidi. Hatimaye, tarehe 28 Julai 1998, mahakama ikatoa amri nzito: ifikapo 31 Machi 2001 mabasi yote ya mji yawe yameacha dizeli na kutumia gesi asilia. Teksi na bajaji za kabla ya 1990 nazo zibadilishwe. Tena mabasi ya umma yaongezwe hadi 10,000.

Siku ikafika, maandalizi bado. Vituo vya gesi vilikuwa vichache mno. Aprili 2001 abiria walikwama vituoni na madereva wa bajaji wakakesha kwenye foleni za gesi. Wenye mabasi wakalia wapewe muda. Mahakama ililegeza tarehe, lakini amri haikuifuta. Mwisho wa 2002 mabasi ya dizeli ya mji yalikuwa yameondolewa, na moshi ule mweusi ukapungua barabarani.

Ushindi? Nusu tu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliitaja Delhi kuwa na hewa chafu kuliko miji yote kwenye takwimu zake za vumbi laini. Kulikuwa na vumbi la ujenzi, viwanda, makaa ya mawe na mabua yanayochomwa mashambani Punjab na Haryana. Lakini pia magari binafsi yaliongezeka kupita kiasi. Na hapa ndipo panaponiuma. Dereva wa bajaji alilazimishwa kubadili chombo chake, akakosa usingizi na siku za kazi. Mwenye gari binafsi hakulazimishwa kuhamia gesi.

Sisi je? Gesi ya Songo Songo ilifika Dar mwaka 2004, mabasi ya mwendokasi yakaanza 2016, na bajaji za gesi zipo, pamoja na foleni zake. Kwa hiyo teknolojia si kisingizio tena. Delhi inatufundisha kwamba amri bila vituo vya gesi ni mateso kwa mnyonge, na gesi bila mabasi ya kutosha ni kuchota maji kwa pakacha. Mtu akisubiri basi saa nzima, akipata hela atanunua gari tu, na moshi utarudi.

Mnasemaje wadau? Tuendelee kuvumilia?