Tanzania: Likizo ya Dodoma, kwa treni au kwa gari?

Tangu Julai 25, 2024, treni ya umeme, maarufu kama treni ya mwendokasi, hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Safari ya takriban kilomita 450, ambayo kwa basi huchukua saa nane au zaidi, hukamilika kwa chini ya saa nne.

Kasi, hata hivyo, haiamui peke yake. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Watu wazima watano walihitaji 155,000, kabla ya teksi ya kutoka stesheni. Anayeendelea hadi Kondoa na mizigo ya sikukuu bado atahitaji gari. Lakini msafiri wa peke yake ana sababu gani ya kuvumilia foleni ya Kibaha, au kushika usukani usiku nyuma ya malori yaendayo Kigali na Bujumbura?

Kwa wanaotoka Rwanda na Burundi, reli hiyo bado haijafika mpakani. Anayepita Rusumo au Kobero kwa basi kupitia Singida aweza kushukia Dodoma na kumalizia safari kwa treni, mradi awe amekata tiketi mapema, hasa Desemba.