Nasaba za Mji wa Kale: Nani Huingia Katika Mchoro

Katika shajara za zamani za masharifu, yaani michoro ya nasaba za wazao wa Mtume, mchoraji hakuhitaji rula. Aliandika jina la mwana, kisha akalivuta neno "bin" likawa mstari mrefu, wima au wa kuinama, hadi likutane na jina la baba. Ukitazama kwa mbali waona matawi. Ukisogea, waona ni "bin" ile ile imerudiwa mamia ya mara, nyingine fupi kama kidole, nyingine imepita karatasi nzima kwa sababu ndugu wengine wa tumbo hilo walizaa sana na nafasi ikabana.

Mombasa ina gombo za namna hii, zimehifadhiwa makashani pamoja na hati za nyumba, na kazi yake haikuwa pambo. Masharifu wengi wa pwani yetu asili yao ni Hadhramaut, na nasaba zao zilihakikiwa na wanazuoni wa Tarim. Mmoja wao, Abdulrahman al-Mashhur, ndiye aliyezikusanya nasaba za Ba Alawi, yaani masharifu hao wa Hadhramaut, katika kitabu kinachotegemewa hadi leo. Mwaka 1928 masharifu wenzao wa Batavia, Jakarta ya sasa, walianzisha Rabita Alawiyya, na chama hicho kina ofisi ya kusajili nasaba. Kwetu Mombasa, mposaji aliyedai usharifu aliulizwa gombo kabla ya kuulizwa mahari, kwani binti sharifu hakuozwa kwa asiyelingana naye. Kwa kazi hiyo yatosha kujua baba ni nani na babu ni nani. Ndiyo maana katika gombo nyingi hizo hukuti jina la mwanamke hata mmoja, ukimtoa Bi Fatuma binti wa Mtume, ambaye bila yeye mti wenyewe haupo.

Wenyeji wengine wa kisiwa, Thenashara Taifa, nasaba zao walizibeba kichwani. Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita, Wajomvu na Wakilifi, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, kila mmoja alijua mbari yake na tamim wake, yaani kiongozi wake, na wazee walipokaa barazani waliweza kukuhesabia mababu bila kubabaika. Ukoo ulipobishaniwa waliitwa watu wazima wakaulizwa, shauri likaisha.

Serikali ya Kiingereza haikuridhika na baraza. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani ajitokeze na ushahidi wake, na Thenashara Taifa wakajikuta wanasimulia mababu mbele ya afisa mwenye kalamu. Wakati huo huo watu waligawanywa kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji": Mwarabu huku, Mswahili kule, na kodi ikafuata mgawanyo huo. Vita vya kutaka Thenashara Taifa wahesabiwe pamoja na Waarabu katika kura viliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nasaba, ambayo zamani ilikupa mchumba, sasa ilikuwa inakupa kodi na kura. Sioni ajabu kwamba miaka hiyo watu walianza kuandika koo zao kwa bidii, na kwamba wengi waliukolezea wino upande wa Uarabuni kuliko upande wa bara.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, naye aliandika kwa Kiarabu tarehe ya jamaa zake waliotawala Mombasa hadi 1837, mwaka ambao Seyyid Said aliwaangusha. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa 1995. Ni kitabu cha watawala, na watawala walikuwa wanaume.

Kwa upande wa pili, msikilize Bi Kaje wa Mwenye Matano, mwanamke wa Thenashara Taifa, ambaye maisha yake yamo katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kuhusu wanawake watatu wa Mombasa, kilichotoka 1989. Katika masimulizi kama yake wanawake hawakosekani: mama, shangazi, somo, nani aliolewa na nani akaachwa, na watumwa waliokuwa nyumbani nao wana majina. Mwenzake katika kitabu hicho, Mishi wa Abdala, alikuwa kungwi wa kizazi cha watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907, na mzao wa mtumwa anayetaka kuchora ukoo wake leo mara nyingi hukwama kwa bibi au babu wa tatu, penye jina la kupewa na jina la bwana. Hakuna programu ya kompyuta ya kuchora nasaba itakayomsaidia hapo.

Pahala pamoja ambapo mwanamke hakuweza kuachwa ni kwa kadhi. Chukua nyumba ya mtaa wa Kibokoni ambayo mwenyewe alifariki zamani na haikugawanywa. Binti yake akafa akiacha mume na watoto: mume ana robo ya fungu la mkewe. Mume naye akafa, na ana watoto kwa mke mwingine. Watoto hao, ambao hawana tone la damu ya mwenye nyumba, sasa wana haki yao ukutani. Hesabu hii ya mirathi juu ya mirathi wanazuoni huiita munasakhat, na ikifika vizazi vitatu mafungu hugawanyika hadi mtu akarithi sehemu moja ya elfu kadhaa ya chumba. Ukimsahau bibi mmoja, hesabu yote imeharibika. Kwa hiyo miti miwili ya nasaba imeishi mjini muda mrefu bila kukutana: wa sebuleni, wa wanaume watupu, na wa mahakamani, wenye kila mtu.

Kompyuta ilipokuja, iliangukia upande wa mahakama, ingawa waliobuni programu hizi hawakuwa na habari ya Mombasa. Kanisa la Wamormoni la Marekani, ambalo hukusanya nasaba kwa sababu za dini yake, lilitoa programu yake ya Personal Ancestral File mwaka 1984, pamoja na muundo wa faili uitwao GEDCOM, ambao karibu kila programu ya nasaba huusoma hadi leo. Family Tree Maker ilifuata 1989, na Gramps, ya bure, ilianza 2001. Zote humweka mtu ndani ya familia, na familia ina nafasi mbili, ya baba na ya mama. Ukiacha ya mama tupu, kisanduku chake hubaki wazi hapo mbele ya macho yako.

Namba ambazo programu huwapa watu wa mti ni za kale: Michaël Eytzinger alizichapisha huko Cologne mwaka 1590, miaka mitatu kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus. Wewe ni 1, baba 2, mama 3, na baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili. Vizazi kumi ni visanduku 1,023. Lakini katika Mji wa Kale wa Mombasa watu huoa binami. Aliyezaliwa na binami wa kwanza ana mababu na mabibi wa tatu sita badala ya wanane, na programu huwachapisha mara mbili, au huvuta mistari ikakatana kama nyavu. Halafu kuna majina. Mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Ali bin Muhammad bin Ali bin Muhammad ni watu wanne ambao programu hushuku ni wawili na kukushauri uwaunganishe. Mwenye haraka hukubali, na ukoo mzima humpoteza babu kwa kubofya mara moja. Ndugu wa kunyonya, ambao sheria ya Kiislamu inawakataza kuoana, hawamo katika orodha ya Gramps: kuna mtoto wa kuzaliwa, wa kulea, wa kambo. Wa ziwa itabidi umwandike mwenyewe.

Kuchapisha ni kazi nyingine. Kila kisanduku kikiwa na upana wa sentimita 4, na kizazi cha mwisho kina vitukuu 60, mstari wao peke yake ni mita 2.4. Karatasi ya A0, milimita 841 kwa 1,189, haiutoshi. Wapo wanaochapisha A4 nyingi na kuziunga kwa gundi, kumi na sita kwa A0 moja, na ikikosewa moja shangazi hukatika shingo. Wenye akili huhifadhi mchoro kama PDF na kuupeleka penye mashine ya ramani za wajenzi, inayotumia roli la karatasi lenye upana wa milimita 914, na hapo urefu si tatizo. Kwa hiyo nasaba imerudi kuwa gombo.

Kijana anayeendesha mashine kama hiyo karibu na Barabara ya Digo ameshazoea. Majina hufika kwa WhatsApp kutoka Muscat, Dubai na London, na nyanya mmoja hukaa mtaa wa Kuze akisahihisha kwa sauti: "Mwanangu, huyu si wa mama huyo, huyu wa mke mdogo." Kadhi hatatosheka na karatasi, bado atataka mashahidi, lakini mchoro humrahisishia kuuliza. Programu hizi pia zina chujio la kuonyesha wa upande wa kiumeni tu, na kuna wanaoliomba. Nilipomuuliza kijana kama ni wengi, akacheka. Wiki ile ile jamaa mmoja alikuwa ameagiza nakala mbili kutoka faili moja: yenye kila mtu, ya kupeleka kwa kadhi, na ya wanaume watupu, ya kutia fremu.